Jinsi ya kufuatilia kipande cha ardhi cha magharibi ya Marekani, kuanzia mkataba wa wenyeji hadi hati ya mlowezi

Upanuzi wa Marekani kuelekea magharibi husimuliwa kwa mikokoteni, bunduki na reli, na vyote hivyo vilikuwepo kweli. Lakini kilichoigeuza nchi ya watu wengine kuwa shamba lenye jina la mlowezi ni makaratasi, nayo yalifuatana kwa mpangilio: mkataba uliowaondoa wenyeji, upimaji wa serikali, maombi kwenye ofisi ya ardhi, ushahidi wa makazi, kisha hati. Mengi ya makaratasi hayo yapo hadi leo na yanasomeka bure mtandaoni. Njia ya haraka ya kuelewa jinsi kazi ile ilivyofanyika ni kuchagua kipande kimoja cha ardhi na kukifuata tangu mwanzo.

Hapa tutatumia shamba la Daniel Freeman, karibu na mji wa Beatrice, kaunti ya Gage, Nebraska. Freeman aliandikisha ombi lake tarehe 1 Januari 1863, siku ilipoanza kutumika Sheria ya Homestead, iliyompa mlowezi ardhi ya serikali baada ya kuishi humo na kuilima, na shamba lake leo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa, kwa hiyo nyaraka zake si za kutafuta kwa tochi. Hatua zilezile zinafaa kwa kipande chochote cha Iowa, Kansas, Minnesota au Colorado. Aliyenunua nyumba Omaha au Des Moines anaweza kuanza na hati yake mwenyewe: nyumba ya mjini huandikwa kwa namba ya kiwanja na bloku, lakini ramani ya viwanja iliyosajiliwa kwenye kaunti hutaja seksheni (mraba wa maili moja) iliyokatwa viwanja hivyo, na hapo ndipo pa kushika.

Hakikisha kwanza jimbo limo

Mfumo huu unahusu majimbo 30 ambayo ardhi yake iliwahi kuwa mali ya serikali kuu. Majimbo 13 ya mwanzo hayamo, wala Vermont, Maine, Kentucky, Tennessee, West Virginia na Hawaii. Texas nayo haimo, na hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima wakitafuta kisichokuwepo: Texas ilipojiunga na Marekani mwaka 1845 ilibaki na ardhi yake, kwa hiyo hati zake za mwanzo ziko kwenye ofisi ya ardhi ya jimbo, mjini Austin. Ohio imo, ila ndiko serikali ilikofanyia majaribio ya upimaji, na mifumo kadhaa imebanana humo. Anayejifunza asianzie Ohio.

Soma anwani ya ardhi kutoka nyuma

Hati ya Freeman inaeleza shamba lake hivi: S½ NW¼, NE¼ NW¼ na SW¼ NE¼, seksheni ya 26, T4N, R5E, meridiani kuu ya 6, ekari 160. Usianze na robo hizo za mbele. Anza mwisho, kwa sababu mwisho ndio unaokuambia uko upande gani wa nchi.

Meridiani kuu ni mstari wa kaskazini-kusini ambao vipimo vyote vya eneo huhesabiwa kutoka kwake, na kila meridiani ina mstari wa msingi unaoikata mashariki-magharibi. Ziko 37 nchi nzima. Ya 6 inatawala Kansas, Nebraska, sehemu kubwa ya Colorado na Wyoming, na kipande cha South Dakota. Mstari wake wa msingi ni latitudo 40, yaani mpaka wa Nebraska na Kansas. Anwani isiyotaja meridiani haina maana, kwani T4N R5E ipo kwenye meridiani nyingi, na kila moja iko mamia ya maili mbali na nyingine.

Herufi T ni taunishipu, mraba wa maili 6 kwa 6, ukihesabu kaskazini au kusini ya mstari wa msingi. Herufi R ni safu ya taunishipu, ukihesabu mashariki au magharibi ya meridiani. T4N ni taunishipu ya nne kwenda kaskazini: zimepita tatu kabla yake, maili 18, kwa hiyo yenyewe inaanzia maili 18 na kuishia maili 24. R5E inaanzia maili 24 mashariki ya meridiani na kuishia maili 30.

Ndani ya taunishipu mna seksheni 36, kila moja maili moja ya mraba, ekari 640. Namba zake zinakwenda na kurudi, zikianzia kona ya kaskazini-mashariki:

6 5 4 3 2 1
7 8 9 10 11 12
18 17 16 15 14 13
19 20 21 22 23 24
30 29 28 27 26 25
31 32 33 34 35 36

Mpangilio huu uliwekwa na sheria ya 1796. Taunishipu za kwanza kabisa za Ohio, zilizopimwa chini ya amri ya ardhi ya 20 Mei 1785, zina hesabu tofauti, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliacha jimbo lile kwa wazoefu.

Seksheni ya 26 iko mstari wa pili kutoka chini na ni ya pili kutoka mashariki. Kwa hiyo ukingo wake wa kusini uko maili 19 kaskazini ya mpaka wa Kansas, na ukingo wake wa mashariki maili 29 kutoka meridiani. Unaweza kuiweka kwenye ramani bila kifaa chochote zaidi ya rula.

Sasa geukia robo. Robo ya seksheni ni ekari 160, nusu ya robo ni 80, robo ya robo ni 40. S½ NW¼ ni nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi: 80. NE¼ NW¼: 40. SW¼ NE¼: 40. Jumla 160, sawasawa na hati. Fanya hesabu hii kila mara. Ikikataa kulingana na ekari zilizoandikwa, ama umesoma vibaya, ama kuna vipande vya pembeni ambavyo tutavieleza chini.

Kosa linaloongoza ni mkato. N½ SW¼ bila mkato ni nusu ya robo, ekari 80. N½, SW¼ yenye mkato ni nusu nzima ya seksheni pamoja na robo nyingine, ekari 480. Ukinakili kwa mkono, nakili na alama zake.

Chora vile vipande vinne vya Freeman uone umbo lake. Havifanyi mraba. Vitatu vimejipanga mstari mmoja wa mashariki-magharibi na cha nne kimekaa juu ya kile cha katikati, kama herufi T iliyopinduliwa. Kijito cha Cub Creek kinapita humo, na kando yake kuna miti. Kwenye nyika isiyo na mbao wala kuni, maji na miti ndivyo vilivyopandisha thamani ya ardhi, na sheria iliruhusu mtu achague vipande vinne vya ekari 40 mradi vinagusana. Ukikuta umbo la ajabu kwenye hati ya zamani, weka ramani ya mito juu yake kabla ya kutafuta maelezo mengine.

Namba ya seksheni inasema mengi kabla hujafungua faili

Seksheni ya 16 ya kila taunishipu ilitengwa kwa ajili ya shule. Kuanzia 1848, majimbo mapya ya magharibi yalipewa na ya 36 pia. Utah, Arizona na New Mexico zilipata nne: 2, 16, 32 na 36. Kipande chako kikiwa humo, usipoteze muda kutafuta mlowezi kwenye kumbukumbu za serikali kuu. Ardhi ilikwenda kwa jimbo, na jimbo ndilo lililoiuza au kuikodisha.

Namba witiri karibu na reli ni habari nyingine. Sheria ya reli ya Pasifiki ya 1 Julai 1862 ilizipa kampuni seksheni 10 kwa kila maili ya njia, zikiwa za kupishana, 5 kila upande. Mwaka 1864 zikaongezwa hadi 20. Seksheni 20 ni ekari 12,800 kwa kila maili moja ya reli. Kampuni ilichukua witiri, serikali ikabaki na shufwa, na ramani ikawa ubao wa drafti. Wenye mashamba kwenye shufwa nao hawakuponea: ndani ya ukanda huo bei ya chini ya ardhi ya serikali ilipandishwa kutoka dola 1.25 hadi 2.50 kwa ekari, na kwa miaka mingi mwombaji wa kawaida wa Homestead alipewa ekari 80 badala ya 160. Hati ya ekari 80 karibu na reli kabla ya 1879 mara nyingi ina sababu hiyo, wala haimaanishi mtu alikuwa mnyonge kuliko jirani yake.

Upimaji: mnyororo, bikoni na makosa yaliyohalalishwa

Fungua tovuti ya kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi, glorecords.blm.gov, inayoendeshwa na idara ya serikali ya usimamizi wa ardhi, BLM. Ina sehemu mbili utakazozitumia zaidi: hati, na ramani za upimaji pamoja na madaftari ya wapimaji. Ingiza jimbo, meridiani, taunishipu na safu, kisha anza na ramani.

Kipimo kilikuwa mnyororo wa Gunter: futi 66, kama mita 20.1, wenye pete 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja, ndiyo maana mpimaji aliweza kupata ekari kwa kuhamisha nukta tu. Wabeba mnyororo walikuwa wawili, wa mbele na wa nyuma, wakihesabu kwa vijiti vya chuma walivyochomeka ardhini kila mnyororo ulipoisha. Kwenye mteremko mnyororo ulitakiwa ushikwe sawasawa na upeo, si kulazwa juu ya ardhi. Aliyefanya uvivu hapo alipata maili fupi.

Mpimaji alianza kukata seksheni upande wa kusini-mashariki wa taunishipu na kusonga kaskazini, kisha safu kwa safu kuelekea magharibi. Makosa yote, pamoja na ule ukweli kwamba meridiani hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini, yalisukumwa hadi ukingo wa kaskazini na wa magharibi. Kwa hiyo seksheni 1 hadi 6, kisha 7, 18, 19, 30 na 31, hazina ekari 640 kamili. Vipande vya pembeni humo hupewa namba badala ya kuitwa robo, na ekari zake huandikwa kwa desimali, mathalani 37.84. Hati ikitaja kipande chenye namba, lazima ufungue ramani ya upimaji. Kukisia 40 ni kujidanganya.

Kona ziliwekewa bikoni: nguzo, jiwe, au kilima cha udongo chenye mashimo pembeni. Penye miti, daftari linataja miti ya ushahidi kwa aina, unene, upande na umbali kutoka kwenye kona. Haya ni madaftari ya kusoma taratibu. Mbali na vipimo, mpimaji alitakiwa kuandika aina ya udongo, mbao, maji, njia zilizopo na makazi aliyoyapitia, na humo utakuta njia za wenyeji na vijiji vyao vimeandikwa na mtu yuleyule aliyekuja kuvifuta kwenye ramani.

Bikoni ya kwanza ikiwa imewekwa pabaya, bado ndiyo mpaka wa kisheria. Mpimaji wa leo haruhusiwi kuisahihisha kwa GPS. Kazi yake ni kuitafuta ilipo. Barabara za nyikani nazo hupinda ghafla kwa nyuzi 90 na kunyooka tena baada ya hatua chache: hapo ndipo ulipopita mstari wa masahihisho, yaani mstari ambako upimaji ulianza upya ili kufidia kukaribiana kwa meridiani. Na si kila daftari ni la kweli. Wapimaji walilipwa kwa maili, na huko California kundi la John A. Benson lilipeleka serikalini vipimo vya maeneo ambayo hayakupimwa ipasavyo, mengine hayakupimwa kabisa. Daftari likieleza nchi ya milima kwa maneno yaleyale maili baada ya maili, shuku.

Mkataba: ardhi ilikuwa ya nani kabla ya mnyororo

Kwa tarehe, hatua hii ndiyo ya kwanza, lakini huwezi kuifanya mpaka ujue kipande kiko wapi. Tumia ramani za Charles C. Royce, zilizochapishwa na serikali mwaka 1899 na sasa ziko kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kila eneo lililotwaliwa kutoka kwa wenyeji kati ya 1784 na 1894 lina namba na rangi, na jedwali linaloambatana nalo linakupa tarehe, taifa na maelezo ya mipaka. Fungua ramani ya jimbo, tafuta kaunti, soma namba, nenda kwenye jedwali, kisha soma mkataba wenyewe.

Kwa eneo la Beatrice, mataifa ya kuangalia ni Otoe na Missouria, na mikataba ni ya 1833 na 1854. Ule wa 1854 ulichukua nchi yao iliyobaki magharibi ya mto Missouri na kuwaachia ukanda kando ya mto Big Blue, maili 10 kwa 25, kusini kidogo tu ya mahali Freeman alipokuja kuchagua shamba. Ukanda huo nao uliuzwa kidogokidogo kwa sheria za Bunge, na mwaka 1881 watu wakahamishiwa Oklahoma ya leo. Tarehe hizo zipange kando ya tarehe za hati: Freeman alipata hati yake mwaka 1869, wakati Waotoe bado ni majirani zake.

Mambo manne huvuruga hatua hii. Eneo moja linaweza kuwa na namba mbili au zaidi, kwa sababu mataifa mawili yalidai nchi ileile au kwa sababu hifadhi ilipunguzwa mara kwa mara. Andika namba zote. Pili, tarehe ya kutia saini si tarehe ya nguvu ya kisheria: mkataba ulihitaji Seneti iuridhie na rais autangaze, na baina ya hapo Seneti iliweza kubadilisha vifungu. Mikataba 18 iliyosainiwa California mwaka 1851 na 1852 Seneti iliikataa na kuificha hadi 1905, huku ardhi ikichukuliwa vilevile. Tatu, mwaka 1871 Bunge lilipiga marufuku mikataba mipya na mataifa ya wenyeji. Baada ya hapo tafuta sheria za Bunge na amri za rais.

La nne ni zito zaidi: karatasi inaweza kuwepo na isiwe halali hata kwa masharti yake yenyewe. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 ulisema hakuna ardhi ya Walakota, tawi la Wasioux, itakayotwaliwa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Milima ya Black Hills ilichukuliwa kwa sheria ya Februari 1877, na saini zilizokusanywa zilikuwa karibu sehemu moja kwa kumi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1980 kwamba walipwe fidia. Mataifa ya Wasioux yalikataa fedha na yanadai milima. Anayefuatilia shamba la South Dakota magharibi asome hukumu hiyo kabla ya kuandika neno «yaliuzwa».

Ni sheria gani iliyotoa ardhi?

Rekodi ya hati kwenye tovuti ya BLM inataja sheria. Usiruke sehemu hiyo, kwani Homestead ilikuwa mlango mmoja tu kati ya mingi. Kuanzia 1820 ardhi iliuzwa kwa fedha taslimu, dola 1.25 kwa ekari na kwa uchache ekari 80. Sheria ya 1841 ilimruhusu aliyevamia ardhi ya serikali kununua ekari 160 kwa bei hiyo kabla ya mnada. Askari walipewa vyeti vya ardhi, na wengi waliviuza. Hati ya aina hii ina majina mawili, la askari na la aliyenunua cheti, na askari huenda hakuwahi kukanyaga Nebraska. Sheria ya 1873 ilitoa ekari 160 kwa atakayepanda miti kwenye ekari 40, zikapunguzwa hadi 10 mwaka 1878, kwa sababu miti ilikataa kuota. Sheria ya jangwa ya 1877 iliuza ekari 640 kwa senti 25 za kutanguliza na dola moja baadaye kwa kila ekari, mradi mtu apeleke maji ndani ya miaka mitatu. Kulikuwa na waliomwaga ndoo ya maji mbele ya shahidi na kuita umwagiliaji.

Faili la Homestead

Sheria hii ilisainiwa na Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Mwombaji alitakiwa awe mkuu wa kaya au ametimiza miaka 21, awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, na asiwe amebeba silaha dhidi ya Marekani. Mwanamke asiyeolewa na mjane waliweza kuomba. Mke wa mtu kwa kawaida hakuweza. Watu weusi waliingia mlangoni baada ya uraia wao kuthibitishwa kwa marekebisho ya katiba ya 1868, na mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa nao mwaka 1877. Wachina walizuiliwa kuwa raia, basi hata wakiwa na nauli, ng'ombe na jembe, dirisha lilikuwa limefungwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Mwombaji alitafuta bikoni kwenye ardhi na kunakili anwani. Akaenda ofisi ya ardhi, karani akaangalia kwenye kitabu cha vipande kama ipo wazi, akaandika jina. Ada zote, kutoka siku hiyo hadi hati, zilifika dola 18 hivi. Alikuwa na miezi sita ya kuhamia. Baada ya miaka mitano ya kuishi na kulima alirudi na mashahidi wawili kutoa ushahidi wa mwisho, na alitakiwa afanye hivyo kabla miaka saba haijaisha. Kuanzia 1879 alilazimika pia kutangaza gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Ushahidi wa mwisho ndio utamu wa faili. Una maswali na majibu: nyumba ina ukubwa gani na milango mingapi, ekari ngapi zimelimwa, zimepandwa nini na kwa misimu mingapi, kisima kina kina gani, familia ilikaa wapi majira ya baridi. Mhamiaji aliambatanisha na karatasi za uraia. Soma majibu ya shahidi kando ya majibu ya mwombaji. Yakifanana neno kwa neno, karani ndiye aliyetunga, au wote wawili walifundishwa. Ujanja uliovuma ni wa kibanda cha 12 kwa 14 ambacho shahidi aliapa amekiona, ila hakusema kuwa ni inchi.

Mtu asiyetaka kungoja miaka mitano aliweza kulipa dola 1.25 kwa ekari baada ya miezi sita, jumla dola 200 kwa ekari 160, na kuchukua hati. Mwaka 1891 miezi hiyo ikawa 14. Hati ya namna hiyo huonekana kama ya mauzo ya fedha, hivyo rekodi isiyotaja Homestead haithibitishi kwamba mtu hakuanza kwa Homestead. Aliyeondoka zaidi ya miezi sita aliweza kupingwa na jirani. Kwa sheria ya 1880 aliyeshinda pingamizi alipewa siku 30 za kuandikisha ardhi hiyo kabla ya wengine. Ikazuka biashara ya kuuza barua za kujitoa, yaani za mwombaji kuachia ardhi aliyoandikisha, iliyostawi kwenye meza za mawakili mbele ya ofisi za ardhi.

Sababu kubwa ya kushindwa, hata hivyo, haikuwa hila. Ilikuwa mvua. Meridiani ya 100, inayopita Cozad huko Nebraska na Dodge City huko Kansas, ndiyo takriban mpaka wa inchi 20 za mvua kwa mwaka, kama milimita 508. Magharibi yake ekari 160 za ngano hazikulisha familia kwa uhakika, na ekari hizo hazikutosha ufugaji. Mwanajiolojia John Wesley Powell aliliambia Bunge mwaka 1878 kwamba shamba la malisho huko linahitaji ekari 2,560. Hakusikilizwa. Bunge lilikuja kuongeza kwa kipimo cha kijiko: ekari 640 ndani ya Nebraska ya magharibi mwaka 1904, 320 kwa maeneo makavu mwaka 1909, na 640 za mifugo mwaka 1916, hizi za mwisho serikali ikibaki na madini yaliyo chini. Kwa hiyo ekari kwenye hati hukuonyesha mwaka na ukame kwa pamoja. Jumla yote iliishia kwenye hati kama milioni 1.6 na ekari milioni 270, nyingi zikitolewa baada ya 1900.

Kuisoma hati, na kuagiza faili

Saini ya rais kwenye hati si mkono wake. Tangu 1833 makarani waliidhinishwa kusaini kwa niaba yake, hivyo hati ya Freeman ya 1 Septemba 1869 ina jina la Ulysses Grant bila Grant kuigusa. Tarehe ya hati pia si tarehe ya kuhamia. Rudi nyuma miaka mitano hadi saba. Jina likikosekana, tafuta kwa anwani ya ardhi, kwani makarani waliandika majina ya Wajerumani na Wacheki kadiri sikio lilivyoweza.

Ardhi ya wenyeji iliyogawanywa kwa Sheria ya Dawes ya 1887 imo kwenye tovuti ileile: ekari 160 kwa mkuu wa kaya, 80 kwa mtu mzima asiye na kaya, na 40 kwa mtoto, chini ya udhamini wa serikali wa miaka 25, ambao ulizuia ardhi isiuzwe. Kilichobaki baada ya mgao kilifunguliwa kwa walowezi. Ardhi ya wenyeji ilikuwa ekari milioni 138 mwaka 1887. Mwaka 1934 ilikuwa imebaki kama milioni 48. Ukikuta hati ya udhamini, tafuta hati ya pili ya kipande hichohicho, ile iliyoondoa udhamini, kisha angalia masjala ya kaunti kama kiliuzwa mwaka uleule. Mara nyingi kiliuzwa, au kilichukuliwa kwa deni la kodi.

Faili lenyewe halimo kwenye tovuti ya BLM. Liko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Washington, kwenye kundi la nyaraka namba 49, na mengi ya Nebraska yameshawekwa mtandaoni. Kuagiza unahitaji vitu vitano: jimbo, jina la ofisi ya ardhi, aina ya hati, namba yake na anwani ya ardhi. Jina la ofisi ni la lazima kwa hati za kabla ya Julai 1908, kwa sababu kila ofisi ilikuwa na hesabu yake kuanzia namba 1. Namba 1 ya Freeman ni ya ofisi ya Brownville, Nebraska. Kwa wale walioshindwa na ombi lao likafutwa, hakuna hati, wala jina lao halitatokea ukitafuta. Hao wako kwenye vitabu vya vipande tu, vilivyopigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya FamilySearch, na humo jina lililokatwa kwa mstari lina namba ya ombi pembeni. Namba hiyo, pamoja na jina la ofisi na anwani ya ardhi, ndiyo ya kuagizia faili la ombi lililofutwa.